Gruffydd ap Llywelyn: watoto wake mbona hawakurithi?

mpenda_falme: Wadau, huyu mfalme wa Wales aliuawa 1063, afu kiti wakakalia ndugu zake Bleddyn na Rhiwallon. Wanawe walienda wapi?

mchimba_nasaba: Hao ni ndugu wa mama mmoja tu mkuu. Angharad binti Maredudd alimzaa Gruffydd kwa Llywelyn ap Seisyll, mume akafariki 1023, akaolewa na Cynfyn ndo wakapatikana hao wawili. Gruffydd aliuawa na watu wake mwenyewe, kichwa kikapelekwa kwa Harold Godwinson, mkuu wa Kiingereza, na wadogo zake wakaapa utii kwa mfalme Edward wa Uingereza wakapewa nchi. Wanawe Maredudd na Ithel walikuja kudai haki yao vitani Mechain huko Wales, Ithel akauawa, Maredudd akafa kwa baridi akiwa anakimbia, inaumiza sana kwa kweli. Rhiwallon nae alifia hukohuko.

bi_mkubwa: Na mjane wake Ealdgyth wa Mercia akaolewa na Harold huyohuyo! Ila damu haikupotea, binti wa Gruffydd, Nest, aliolewa na Osbern fitz Richard, Mnormani wa mpakani, na mjukuu, Nest mwingine, akaolewa na Bernard de Neufmarché aliyeiteka Brycheiniog, ufalme mdogo wa Wales.

mpenda_falme: Duh, asante sana, kumbe nilikuwa naangalia upande wa wanaume tu.