Chakula gani cha utotoni mwako ambacho watoto wako hawakijui? Tupeane uzoefu

Mtoa mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa vyakula vya utotoni, kila mtu na kizazi chake: umezaliwa miaka ipi, umekulia wapi, mlikula nini, na watoto wako wanakula nini. Haya si mashindano ya nani aliteseka zaidi. Elezeni hasa chakula kilivyopatikana na mikono ipi ilikishika kabla hakijafika mdomoni, maana kwangu tofauti kubwa kati yangu na wanangu iko hapo kuliko kwenye ladha.

Naanza mimi. Nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya 70, nimekulia Kwimba, Usukumani. Viazi vitamu vikishavunwa na kiangazi kikashika, nyumba nzima ilihamia kwenye michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vinavyomenywa, vikakatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakatwe. Tulianika juu ya majabali. Jiwe linapigwa jua tangu asubuhi, ukilikanyaga saa nane mchana bila viatu unaruka. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza mbuzi na kuku, kugeuza vipande, na wingu likitokea upande wa ziwa, kukimbia kuvikusanya. Tobolwa lililokauka vizuri huwa gumu, rangi ya kahawia, na inabidi ulimung'unye muda mrefu ndipo lilainike na utamu utoke. Tulikwenda nayo shule mfukoni. Yaliyobaki yaliwekwa mpaka msimu wa kulima, chakula kikiwa kimepungua, yakachemshwa na kuungwa karanga.

Wanangu wanakula mayai kila wiki. Mimi yai nililipata sikukuu au nikiumwa. Wanakula matunda mengi kuliko mimi. Nashukuru kwa hilo. Ila nyumbani kwangu hakuna chakula hata kimoja ambacho mtoto amekigusa kabla hakijafika mezani, na hilo linaniuma kuliko wao kupenda tambi za pakiti.

Karibuni.

Mzee wa Korogwe

Ahsante mtoa mada. Mwaka 1974 nilikuwa darasa la pili. Ukame ulikuwa umebana, serikali ikaagiza mahindi nje, yakaja ya njano kutoka Marekani. Unga wake tuliuita Yanga kwa rangi yake, na watu wa Simba wakapata la kusema kila wakikaa kula. Wakubwa hawakuupenda kabisa. Walisema una harufu, wengine wakasema ni chakula cha mifugo. Mama aliuchanganya na unga wa muhogo ili ugali ushike, na kwa njaa ya mwaka ule hakuna sahani iliyobaki.

Shuleni tulipewa bulga, yaani ngano iliyovunjwavunjwa. Magunia yake yalikuwa na picha ya mikono miwili inayoshikana, na mafuta yalikuja kwenye makopo yenye picha hiyohiyo. Kila mtoto alikwenda na kuni yake moja asubuhi. Usipokuja na kuni hupangi foleni. Wapishi walipika kwenye pipa lililokatwa katikati, na bulga ya chini iliyoshika moto kidogo ndiyo tuliyoigombania, ilikuwa na ukoko wenye ladha ya ngano iliyokaangwa. Makopo matupu wazazi walitengenezea vibatari na vipimo vya nafaka.

Miaka mingi baadaye nikaelezwa na bwana shamba kwamba mahindi ya njano yana vitamini A ambayo meupe hayana. Leo wajukuu wangu kliniki wanahimizwa kula viazi lishe vya rangi ya chungwa kwa sababu hiyohiyo, na wanavipenda. Nadhani tuliuchukia ule unga kwa sababu ulikuja na njaa. Chakula ulichokula kwa shida unakikumbuka na shida yake.

Mchangiaji wa Morogoro

Shikamoo mzee. Baba yangu hadi leo mahindi ya njano ya kuchoma hagusi. Sikuwahi kujua kwa nini.

Mama wa Kisauni, Mombasa

Hamjambo nyote. Huku kwetu Kenya, mtoto wa miaka ya 80 ukimuuliza chakula cha shule atakwambia maziwa ya Nyayo. Rais Moi aliyaanzisha mwaka 1979, yakawa bure kwa shule za msingi nchi nzima. Yalikuja kwenye pakiti za pembetatu. Unang'ata ncha moja, unafyonza, na ukimaliza unaipuliza pakiti ijae hewa, unaiweka chini na kuikanyaga kwa kisigino ipasuke. Shule nzima ikipasua pakiti kwa pamoja, mwalimu hawezi kusema neno likasikika. Kulikuwa na watoto darasani ambao nyumbani maziwa waliyaona kwenye chai tu, na siku ya maziwa hakuna aliyekosa shule. Miaka ya 90 yalipungua, mara yanakuja mara hayaji, mpaka yakakatika. Dada yangu mdogo hakuyapata kabisa, na tukianza kuyazungumzia hunyamaza.

Ila chakula chetu wenyewe watoto kilikuwa mabuyu ya baada ya chuo cha Kurani. Bi mmoja mtaani kwetu aliyapika barazani: sukari na maji kwanza mpaka yawe mazito, kisha rangi nyekundu, iliki, pilipili kidogo, halafu anamwaga mbegu za ubuyu na kukoroga haraka haraka kabla sukari haijaganda. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu siku zote. Maalim alituambia tutoe ulimi, na mwenye ulimi mwekundu alijulikana pesa ya sadaka imekwenda wapi.

Wanangu wanayala mabuyu vilevile, hiyo sitadanganya. Wanayanunua dukani yakiwa kwenye kikopo chenye lebo. Zile nailoni ndogo zilizofungwa fundo zimekwisha tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya, Agosti 2017. Kilichopotea ni kusimama pale barazani ukingoja yapoe.

Mchangiaji wa Bukoba

Naomba niseme kuhusu senene, wale panzi wa kuliwa, maana hapa mambo yamegeuka kinyume na mnavyosema. Kwetu chakula cha utoto hakijapotea. Kimepanda bei.

Mwezi wa Novemba mvua zikikaa sawa, tuliamshwa kabla ya jua. Senene asubuhi wana baridi, hawaruki, wako kwenye nyasi. Unapita na umande mpaka magotini, unaokota mmoja mmoja, unatia kwenye chupa au kibuyu chenye mdomo mwembamba wasitoke. Nyumbani mnakaa mduara kwenye majani ya migomba: kunyonyoa mabawa, miguu, na kale kamkia. Kazi ya saa nzima, vidole vinanata. Kisha bibi anawakaanga bila mafuta yoyote, maana wana mafuta yao wenyewe, anaongeza chumvi na kitunguu.

Sasa wanategwa usiku kwa taa kubwa na mabati. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza hadi kwenye pipa. Mtu mmoja usiku mmoja anajaza magunia. Wanasafirishwa hadi Dar, wanauzwa kwenye vifungashio. Mwanangu aliyezaliwa Dar anawapenda kuliko mimi, lakini hajawahi kuwaona wakiwa hai. Sehemu nyingi za nyasi tulikookota zimekuwa nyumba.

Mtoa mada

Mkuu wa Bukoba, umeniongezea kitu. Kumbe chakula kinaweza kubaki na utoto wake ukaondoka.

Bibi wa Ng'ambo, sasa Muscat

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, kabla ya Mapinduzi. Miaka ya mwanzo ya 70 mchele wa kutoka nje ulipunguzwa, serikali ikitaka tujitosheleze. Ukawa wa mgao. Tulipanga foleni tangu alfajiri, na kinachopatikana hakifiki mwisho wa wiki. Tukala muhogo, ndizi mbichi, shelisheli. Watu walinung'unika sana, na walikuwa na haki, kwa sababu Mzanzibari bila wali anaona hajala. Lakini mama yangu muhogo aliupika kwa nazi na papa mkavu, na mpaka leo nikiumwa ndicho ninachokitamani.

Nazi nilikuna mimi. Kila siku baada ya skuli, juu ya mbuzi ya kukunia. Unakaa upande, unaibana mbao kwa paja, unazungusha kifuu usije ukakuna hadi gamba jeusi likaharibu tui. Maji ya kwanza kidogo, unakamua kasimile, lile tui zito, na kuiweka pembeni. Maji ya pili na ya tatu ndiyo ya kupikia, na kasimile inaingia mwisho, hukorogi kwa nguvu wala huachi ichemke sana, itakatika. Haya hakunifundisha mtu kwa maneno. Nilikuwa nimekaa hapo chini ninatazama.

Hapa Muscat kila kitu kipo. Tui lipo la kopo na la unga, mishkaki inachomwa barabarani kila jioni. Wajukuu zangu wanazungumza Kiarabu kuliko Kiswahili. Mimi nilikuja na mbuzi yangu, na Ijumaa kila mjukuu anakuna nazi moja. Wa kiume na wa kike. Mtoa mada, usikae ukaumia, mpe mtoto kazi. Wanalalamika mara mbili tatu, kisha wanaanza kushindana nani kakuna nyeupe zaidi.

Kijana wa Sinza

Shikamooni wazee wangu. Nimezaliwa 2003, na naomba na sisi tusikilizwe, maana kila mada ya namna hii kizazi chetu huonekana hakina chakula chake.

Chakula changu cha utoto ni chipsi mayai. Mama alikuwa anarudi kazini amechoka, ananipa mayai mawili kutoka nyumbani na hela ya chipsi kavu, naenda kibandani. Ukienda na mayai yako bei inapungua. Natembea nimeyashika kwa mikono miwili kuvuka barabara. Yule kaka anayagonga ukingoni mwa bakuli, anayapiga kwa uma na chumvi, anazimwaga chipsi kwenye kikaango, mayai juu, anageuza kwa kufunika na sahani. Ukingo unakuwa wa kahawia na unakatika kwa sauti. Kachumbari na pilipili juu, nyumbani tunakula mimi na mama kwenye sahani moja mbele ya taarifa ya habari. Hakuna chakula kilichonilea kuliko hicho.

Kibanda kile hakipo, eneo lilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Sasa naagiza kwa simu, zinakuja kwenye boksi zimelowa mvuke. Mdogo wangu anadhani chipsi mayai ndivyo zilivyo.

Mzee wa Korogwe

Marahaba kijana. Mayai mawili mkononi kuvuka barabara ya Sinza ni kazi. Umesikilizwa.

Mwana Bukavu, Ohio

Salamu toka Marekani. Kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, ukisema chakula cha nyumbani ni bugali (ugali), sombe (kisamvu) na sambaza, samaki wadogo kama dagaa. Mimi nilikua nikiamini tulikuwa na sambaza tangu zamani za mababu. Siku moja bibi akasema kwamba alipokuwa mtoto hakuna aliyezijua. Na ni kweli: sambaza zilitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Ziwa Kivu mnamo 1959. Yeye utotoni alikula samaki wengine wa ziwa, na mara nyingi maharage tu. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Chakula ninachokililia huku ugenini, kwa bibi kilikuwa kitu kigeni kilichoingia akiwa mtu mzima, na aliyejifunza kukipika akanipikia mimi ni yeye.

Sombe tulitwanga kwa kinu, watoto wawili wakipokezana mchi, na mama anasikia kwa mlio tu kama majani bado makavu. Hapa inauzwa imegandishwa, imesagwa na mashine, laini mno. Ninanunua na ninashukuru ipo. Mama yangu akiila hasemi kitu, ila anaongeza mawese.

Mchangiaji wa Tanga

Hakuna aliyetaja zambarau! Shati la shule limeharibika rangi, bakora mbili, kesho yake juu ya mti tena.

Mtoa mada

Bibi wa Muscat, shikamoo, nimelichukua neno lako. Jumamosi tumekaa na wanangu kuchambua mchicha na kumenya njugu mawe. Mkubwa alichukia, mdogo hakutaka kuacha. Kuna mdau wa kusini atueleze ming'oko? Naisikia tu.

Dada wa Mtwara

Nipo. Ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba. Tulichimba mvua zikishakatika. Unatafuta mti wake unaotambaa ukiwa umeanza kukauka, unafuata shina hadi ardhini, na hapo kazi inaanza kwa sababu mizizi inashuka chini sana. Wakubwa walianza kwa jembe, shimo likishakuwa refu na jembamba wanaingizwa watoto, kichwa chini, kuchimbua kwa mikono isivunjike. Mwenzako anakushika miguu. Bibi alisisitiza kichwa cha mzizi kirudishwe shimoni na kufukiwa, ili mwakani mkute tena palepale.

Inachemshwa na maganda yake, unaimenya ikiwa ya moto. Mwanangu anaila nikiinunua, ila shimo hajaliona, kwa sababu mapori tuliyochimba sasa ni mikorosho ya watu. Mtoa mada, ukifika Mtwara baada ya masika pita sokoni au stendi, akina mama wanaiuza imechemshwa tayari, chumvi na pilipili pembeni. Chagua nyembamba, ndizo zisizo na nyuzi.