Mdogo wangu aliwahi kuugua dengue, sasa ana homa tena. Mbona ya pili ndiyo inaogopwa?

Nyar_Kondele
Wadau, hamjambo. Niko Kondele, Kisumu. Mdogo wangu hufanya kazi ya jikoni Mombasa, na mwaka wa 2021 dengue ilipozagaa huko ilimlaza wiki nzima. Ijumaa alikuja nyumbani na basi la usiku, Jumamosi jioni akawaka moto. Kuzungusha macho tu ni shida, mgongo ndio usiseme. Malaria tumepima mara mbili, hakuna kitu.

Leo ni siku ya nne. Asubuhi homa imeshuka, ameitisha chai na mandazi, anasema amepona. Lakini jana daktari aliposikia habari ya 2021 aliacha kuandika, akamtazama, akasema, "Basi wewe tutakuchunga zaidi." Anataka arudi kila siku kutolewa damu. Foleni ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kuuliza. Ninavyojua, surua ukiugua mara moja umemalizana nayo. Hii mbona iwe kinyume? Na kuna haja gani ya kurudi ikiwa homa imetulia? Boda kwenda na kurudi kila siku si mchezo.

Jirani_wa_Jua
Pole dada. Mchemshie mwarobaini, ajifukize.

Baba_Pacha
Dengue ni ya Pwani, hapa kwetu ni malaria. Vipimo hukosea. Mpe dawa ya malaria na ibuprofeni ya mgongo, alale.

Darubini
Baba Pacha, hapo kwa ibuprofeni nakuzuia, kaka. Kama ni dengue, hiyo pamoja na aspirini na diklofenaki huchochea kuvuja damu. Panadol pekee, kwa kipimo chake, na vinywaji kwa wingi. Na dengue iko huku pia. Watafiti wameshaipata katika damu ya watoto wenye homa hapa Kisumu, na mbu wake, Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anazaana kwa mitungi yetu.

Nyar Kondele, mimi ni mtu wa maabara, si daktari, lakini swali lako naliweza. Mbu akiuma hutema mate, na virusi huingia ngozini pamoja na hayo mate. Pale ngozini kuna seli za ulinzi ambazo kazi yao ni kukamata mgeni na kumpeleka kwenye tezi, ili kinga ya mwili imtambue. Virusi vya dengue hupenda kukamatwa. Hushika ndoana iliyo juu ya seli, humezwa ndani ya kifuko, na kifuko kikishakuwa na asidi ganda la virusi huungana na ukuta wake na kumwaga vinasaba ndani ya seli. Kuanzia hapo mlinzi anachapisha nakala za adui, huku akitembea kuelekea kwenye tezi kama kawaida yake.

Sasa hiyo ya pili. Dengue ina aina nne. Ukiugua aina moja, unapata kingamwili za kukulinda dhidi ya hiyo maisha yote, lakini dhidi ya zile tatu nyingine ni kwa miezi michache tu. Kingamwili hushikilia virusi, na mkia wake unabaki nje kama mpini, ili seli nyeupe zile walafi zishike na kumeza. Ikija aina nyingine, kingamwili za zamani zinaishika vizuri kiasi cha kuweka mpini, lakini haziiui. Seli inashika mpini, inameza, na virusi vinafunguka ndani vikiwa hai. Kwa hiyo seli nyingi zaidi zinaambukizwa, na kinga inapopandwa na hasira humwaga kemikali zinazofanya mishipa midogo ivujishe maji ya damu. Daktari Mmarekani Scott Halstead, aliyefanya kazi Bangkok miaka ya 1960, ndiye aliyeifuatilia sana habari hii.

Huko kuvuja huanza homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Ndiyo maana leo ndiyo siku ya kwenda, si ya kukaa. Wanataka kuona pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, zinashuka kiasi gani na kama damu inakuwa nzito. Akianza kuumwa tumbo sana, kutapika bila kukoma, kutoka damu kwa fizi au kuhangaika, msingoje asubuhi.

Nyar_Kondele
Umenitisha. Kwa hiyo ya pili lazima iwe mbaya?

Darubini
Hapana, wengi hupona bila tatizo. Hatari imeongezeka tu, ndiyo achungwe.

Kamongo
Mnakumbuka Dengvaxia, ile chanjo ya dengue? Ufilipino waliwachanja watoto zaidi ya laki nane kuanzia 2016. Novemba 2017 watengenezaji wakasema asiyewahi kuugua akichanjwa anaweza kuugua vibaya zaidi akija kuambukizwa. Mwili ulihesabu chanjo kama dengue ya kwanza. Mpini ni uleule.

Mzee_wa_Naivasha
Sisi huku tunajua la kondoo. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa hapa karibu na ziwa, 1931, kondoo wakifa na kutoa mimba. Nayo virusi vyake huingia seli za ulinzi.

Jirani_wa_Jua
Mzee, mgonjwa ni wa Kondele, si kondoo 😄

Darubini
Nyar, nilisahau. Alale chini ya neti hata mchana. Aedes huuma mchana, na akimuuma sasa ataipeleka kwa majirani.

Nyar_Kondele
Narudi na habari, leo ni siku ya saba. Ni dengue kweli. Ile Jumanne tulienda, pleteleti 88,000, Jumatano zikafika 61,000, fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki. Walimlaza, wakamwekea dripu. Leo zimepanda hadi 97,000 na wamemruhusu. Nikikumbuka nilivyokuwa nahesabu nauli ya boda! Saa hii yuko chini ya neti saa saba mchana, watoto wa ploti wanamchungulia dirishani wakimwita bibi harusi.

Baba_Pacha
Pole na hongera, dada. Nimeenda kufunua pipa la maji nyuma ya nyumba, ninalolijaza mfereji ukikauka. Viluwiluwi wanacheza densi. Nikimwaga tu inatosha?

Darubini
Usimwage tu. Sugua kuta kwa brashi, hasa pale juu kidogo ya maji. Mayai hugandia hapo, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja ujaze tena.