MREJESHO: Sefti ya kidole gumba kwenye 1911

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nichukue sefti ipi (kile kifungio kinachozuia bastola isifyatue) kwa bastola yangu ya aina ya 1911, maana natumia mkono wa kushoto na ile iliyokuja nayo iko upande mmoja tu, gumba haliifikii mpaka nibadilishe mshiko.

Nimechukua ya pande mbili yenye kibapa chembamba cha kusukumia kwa gumba, zile pana nimeziacha kwasababu zinaweza kugusana na holsta (mfuko wa kubebea bastola) zikashuka zenyewe. Na mlioniambia niende kwa fundi silaha asanteni sana aisee, kwa 1911 hii kitu haichomekwi tu, ile sehemu ya ndani inayozuia nyundo ya kufyatulia isiachiwe inapigwa tupa kidogo kidogo mpaka ikae, ukizidisha imekula kwako, sefti haizuii tena na hapo ni hatari kabisa.

Alipomaliza akaijaribu ikiwa tupu: nyundo nyuma, sefti juu (yaani imefunga), akashika mshiko akabana traiga (kifyatulio) kwa nguvu, akaachia, akashusha sefti, nyundo haikusogea. Nyundo ikianguka hapo usiibebe bastola kabisa, rudisha kwa fundi.

Sasa inapanda na kushuka kwa mlio unaosikika vizuri, naipenda mno. Bado holsta ya kushoto tu.