Wiki kumi hotelini: chumba cha kawaida, chumba chenye jiko, au nyumba ya kupanga?

MzigoMwepesi
Wakuu, habari za mihangaiko. Naomba mawazo ya watu waliowahi kukaa hotelini miezi, si siku tatu nne. Ofisi inanipeleka mji nisioujua kwa wiki kumi. Posho ya malazi na chakula wamenipa kwa mkupuo: kinachobaki ni changu, kikipungua najazia mwenyewe. Nimebaki na njia tatu.

1. Hoteli ya kawaida. Chai ya asubuhi imo kwenye bei, usafi kila siku, na kazini nafika kwa miguu.
2. Hoteli yenye vyumba vya jiko dogo: jiko la umeme la plati mbili, friji kubwa, maikrowevu, sufuria zao. Usafi mara moja kwa wiki. Kwa usiku mmoja ni ghali kidogo kuliko ya kwanza, na kazini ni mpaka nipande gari.
3. Nyumba yenye samani, kodi ya mwezi. Kwa bei tupu ndiyo rahisi kuliko zote, ila umeme, maji na intaneti ni juu yangu, na wanataka dhamana ya mwezi mzima.

Niseme mapema, ugenini nalala vibaya. Na kazini natoka usiku. Mngechagua ipi?

KadiYaMlango
Namba 2. Wala usijiulize mara mbili.

BegiLaTatu
Mkuu, kosa la kwanza ni kulinganisha bei ya kitanda peke yake. Nimeishi hotelini kwa kazi za miradi, safari ndefu kuliko zote ilikuwa miezi saba, kwa hiyo haya nayasema kwa uchungu.

Wiki kumi ni siku 70. Namba 1 inakupa chai, sawa. Bado una milo 140 ya mchana na usiku, yote ya kununua. Tuseme mchana utakula kazini vyovyote iwavyo, basi kinachobishaniwa ni mlo wa usiku, mara 70. Na tofauti ya bei ya vyumba nayo utailipa mara 70. Hizo sabini zinafutana, linabaki swali dogo tu: mlo wa usiku wa kununua unazidi wa kupika kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinafunika nyongeza ya chumba pamoja na nauli ya siku? Kama kinafunika, nenda 2. Kama hakifuniki, jiko ni pambo.

Ila hesabu usiku utakaopika kweli, si unaotamani kupika.

Pesa nyingine inavuja kwenye nguo, na hapo hakuna anayeangalia. Dobi wa hoteli anakutoza kwa kipande, soksi nazo ni kipande. Mwezi wangu wa kwanza nilishtukia bili ya nguo inakaribia ya chakula. Siku hizi nafua za ndani na soksi mwenyewe kwenye sinki kila usiku wa pili. Shati ukishalisuuza usilikamue kwa mikono, linapinda. Litandaze juu ya taulo kavu la kuogea, kunja vyote pamoja kama mkeka, panda juu ukanyage kwa visigino toka ncha hii hadi ile. Taulo linakunywa maji, shati linatoka na unyevu tu, ukilitundika usiku asubuhi unalivaa. Suruali na vitu vizito peleka kwa dobi wa nje anayepima kwa kilo.

PolePoleNdioMwendo
Mimi nasimama na namba 1, mnipige mawe. Jamaa kasema anatoka kazini usiku. Mtu huyo akifika chumbani atamenya vitunguu? Atanunua mboga Jumapili, Alhamisi anazitupa. Nilikaa kwenye chumba cha jiko wiki sita. Sufuria nilitumia mara nne, mbili kati ya hizo ni kuchemsha maji. Na kufika kwa miguu ni kitu kikubwa, hakuna nauli, hakuna foleni, unalala nusu saa zaidi.

BegiLaTatu
@PolePoleNdioMwendo hapo kwenye kulala nimekubali. Mboga ni zako na uvivu wako 😂

NilikuwaMapokezi
Jina langu linajieleza. Kabla hujachagua, jua kwamba bei uliyoiona si ya mwisho kwa mtu wa siku 70.

Mgeni anayeingia na kutoka anaigharimu hoteli: shuka zinafuliwa, chumba kinasafishwa chote, mapokezi wanamhudumia, na katikati kuna usiku wa chumba kitupu. Mgeni wa wiki kumi gharama hizo anazileta mara moja. Tena ukipitia mtandao wa kuweka nafasi, hoteli inalipa kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Kwa hiyo piga simu hotelini moja kwa moja, usizungumze bei na kijana wa mapokezi (hana mamlaka, nakwambia mimi niliyekuwa huyo kijana), omba meneja wa mauzo. Mwambie idadi ya usiku, tarehe, na kwamba unataka bei ya muda mrefu. Wakigoma kushusha bei, omba vitu: nguo kadhaa kufuliwa kila wiki, maegesho, chumba kikubwa zaidi. Vitu hutolewa kwa urahisi kuliko punguzo.

Turufu nyingine ni usafi. Hoteli hizi za jiko faida yake imekaa hapo hapo. Jack DeBoer alipofungua Residence Inn ya kwanza huko Wichita, Kansas, 1975, alilenga mgeni anayekaa muda, na mgeni wa namna hiyo hahitaji kutandikiwa kila asubuhi. Hata kwenye hoteli ya kawaida unaweza kusema: nisafishieni mara mbili kwa wiki, taulo nitabadilisha mwenyewe mapokezi, nipunguzieni. Wengi watakaa mezani.

Sasa mitego.

Kwanza, kuondoka mapema. Bei ya mwezi mara nyingi ina sharti kwamba usipofikisha usiku 30, wanarudi nyuma kukutoza siku zote kwa bei ya kawaida. Niliwahi kumkabidhi mgeni bili ya namna hiyo siku yake ya 24, kazi yake ilikwisha ghafla. Alisimama pale kaunta anaisoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna maelezo. Hayakuwepo. Yalikuwa kwenye barua pepe ambayo hakuisoma. Wewe uliza: nikiondoka wiki ya saba, nalipa nini? Jibu lije kwa maandishi.

Pili, kadi. Wakati wa kuingia hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana. Kwa usiku mbili huoni. Kwa wiki kumi, na kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti, unaweza kujikuta posho yako ipo ila huigusi. Omba kulipa kwa wiki na dhamana ibaki ya wiki moja.

Tatu, kodi. Sehemu nyingine mgeni wa muda mrefu hapati tu punguzo la hoteli, anapata na la serikali. Uingereza, ukipitisha siku 28 mfululizo, kuanzia siku ya 29 VAT inapigwa kwenye sehemu tu ya malipo. Texas, anayekaa siku 30 au zaidi mfululizo husamehewa kodi ya hoteli, na ukiwaarifu kwa maandishi tangu mwanzo msamaha unaanza kuhesabika tangu hapo badala ya kungoja hizo 30 ziishe. Neno la kushika ni *mfululizo*. Ukitoka wikendi moja ili kuokoa usiku mbili, hesabu inaweza kuanza upya. Uliza utaratibu wa huko uendako, mapokezi wengi hawakuambii usipouliza.

KadiYaMlango
Ndo maana hoteli fulani ilinihamisha chumba siku ya 28 bila sababu??

NilikuwaMapokezi
Kukuhamisha chumba tu inaweza kuwa matengenezo. Kukutoa hotelini siku ya 28 na kukurudisha kesho yake ni kitu kingine. Zipo zinazofanya hivyo ili usihesabike mpangaji kisheria. California wana sheria inayokataza mchezo huo kwenye hoteli za makazi.

MamaPacha
Mdogo wangu umesema unalala vibaya ugenini, na humu wote wamekimbilia pesa. Usingizi ukipotea wiki kumi, hicho ulichookoa utakipeleka kwa daktari.

Huo ugeni wa kitanda si deko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, upande wa kushoto wa ubongo haulali kwa uzito kama wa kulia, unabaki kama mlinzi. Ndiyo maana nakukataza kuruka-ruka hoteli kufuata ofa. Kila chumba kipya na mlinzi wake. Chagua kimoja, ukae.

Na unachagua chumba, si hoteli. Ukiweka nafasi waandikie: mbali na lifti, mbali na mashine ya barafu, mbali na stoo ya wahudumu (vitoroli vinaanza kugongana alfajiri), na kisiwe na ule mlango wa kati unaounganisha na chumba cha jirani. Mlango ule unapitisha hata kukohoa. Ukifika, kaa ndani dakika kumi kimya, taa zimezimwa, kabla hujafungua begi. Utasikia kila kitu. Kubadilishiwa chumba dakika hiyo ni rahisi. Siku ya tatu inakuwa malalamiko.

Pazia likiacha ufa katikati, chukua hanga ya suruali yenye vibanio, bana pande mbili pamoja. Vitaa vya runinga vifunike kwa gundi ya karatasi nyeusi. Kiyoyozi kiweke karibu na nyuzi 18, si baridi ya kugandisha nyama. Kikikausha koo, tundika taulo bichi kwenye kiti karibu na kitanda.

Halafu friji, hili liwahusu wa namba 1. Vile vifriji vya vinywaji vingi havina kompresa, vimetengenezwa visipige kelele, si kuhifadhi chakula. Mimi niliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, nikaiacha humo usiku kucha. Asubuhi kinasoma nyuzi 11! Chakula cha kuhifadhi kinatakiwa kikae nyuzi 5 au chini yake, na mimi nilikuwa nimeweka maziwa ya watoto humo siku mbili. Omba friji halisi, hoteli nyingi wanazo stoo kwa ajili ya wenye dawa. Na usianze kuhamisha vinywaji vyao mwenyewe, vifriji vingine vina vihisi. Ukiinua chupa kwa muda inaingia kwenye bili kama umeinywa. Waambie waje wakimwage wao.

PolePoleNdioMwendo
Mama, hiyo ya kihisi ilinikuta. Nilikuwa natafuta nafasi ya chupa ya maji. Nikadaiwa soda sita.

HesabuKwanza
Kuhusu namba 3, maana mmeiruka. Ni rahisi kama utaitumia miezi mitatu na kuendelea. Kwa wiki kumi una kodi ya miezi mitatu au miezi miwili na siku kumi hivi? Waulize, wengi hawakati mwezi. Ukilipa mitatu ukakaa miwili na siku kumi, kodi yako halisi imepanda kwa zaidi ya robo. Ongeza dhamana inayorudi wakitaka, ada ya usafi wa kuondokea, kuunganishiwa intaneti ambako kunaweza kula wiki, na mashuka, sabuni, karatasi za chooni, balbu. Bomba likivuja saa tano usiku hupigi sifuri mapokezi, unampigia mwenye nyumba ambaye hapokei.

Mtu mwenye familia, sawa, achukue. Mtu mmoja anayerudi usiku, mimi nisingechukua.

MzigoMwepesi
Nawashukuru sana. Namba 3 nimeifuta, ni kweli hawakati mwezi. Nimepiga hesabu ya @BegiLaTatu: nikipika usiku minne kwa wiki, 2 inaishinda 1 kidogo. Nikipika miwili, 1 inashinda. Kesho nawapigia wote wawili mameneja wa mauzo. Swali moja, pointi za uanachama zina maana kwa siku zote hizo?

NilikuwaMapokezi
Zina maana ukiweka nafasi kwao moja kwa moja, kupitia mtandao wa pembeni kwa kawaida hupati. Ila baadhi ya bei za muda mrefu hazitoi pointi, kwa hiyo liulize hilo pamoja na lile la kuondoka mapema. Kama inabidi uchague kati ya pointi na punguzo, chukua punguzo.

MzigoMwepesi
Mrejesho, wiki ya nne. Nilichukua namba 2. Wa namba 1 hakutaka kushuka hata kidogo. Huyu wa pili alishusha mpaka bei ikawa chini ya namba 1, kwa sharti nilipe kila wiki mbili mbele. Nikiondoka baada ya wiki ya saba hawanirudishi kwenye bei ya kawaida, ipo kwenye barua pepe. Chumba cha kwanza walichonipa kilikuwa na ule mlango wa kati. Nilikaa gizani kama Mama alivyosema, dakika ya nne nikasikia jirani anapiga mswaki. Wakanihamisha ghorofa ya juu yake bila neno.

Kupika: wiki ya kwanza mara tano, ya pili nne, ya tatu mbili. @PolePoleNdioMwendo usicheke.

PolePoleNdioMwendo
Sijasema kitu 😂😂 Usingizi je?

MzigoMwepesi
Usiku wa kwanza hovyo, wa tatu kuendelea nalala. Hanga ya suruali ndiyo imefanya kazi.

MamaPacha
Godoro ulikagua kunguni?

MzigoMwepesi
Nilikagua. Tochi ya simu kwenye mishono yote na nyuma ya ubao wa kichwani, begi likanisubiri bafuni juu ya vigae. Hakuna kitu.