Mrejesho: Cheti cha elimu ya awali nikiwa kazini

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza kama inawezekana kusomea cheti cha ngazi ya 3 cha elimu ya awali hapa Uingereza bila kuacha kazi yangu ya chekechea. Nimekipata! Kilichonifundisha zaidi ni kumtazama mtoto mmoja na kuandika nilichokiona: alivyoshika brashi, alimkimbilia nani alipolia. Mtathmini alikuja kazini, akakaa pembeni, akaniangalia nikiwalisha watoto. Dada uliyenihimiza nichukue mapema mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto, Mungu akubariki. Bila hayo nisingehesabiwa kwenye uwiano wa walezi kwa watoto, na kwa walio chini ya miaka 2 sheria inataka mlezi 1 kwa watoto 3. Sasa nina kikundi changu.