Je, jin ni spiriti iliyozimuliwa tu?

Mkaazi wa Umoja: Wanajukwaa, hamjambo. Nimesoma lebo ya chupa ya jin katika duka la mtaani na kukuta kwamba kilichomo ni spiriti isiyo na ladha, maji na vionjo. Je, mtu anayenunua spiriti kwa mapipa kisha akaizimua kwa maji anastahili kuitwa mkenekaji, yaani mtu anayechemsha pombe na kuukusanya mvuke wake ili kupata spiriti? Na je, spiriti ya nafaka inaishinda ile ya molasi (uji mzito unaobaki miwa ikitengenezwa sukari) inayotengenezwa Muhoroni, Kenya?

Fundi wa Ruaraka: Ndugu, nianze na la pili. Mahindi, ngano au shayiri husagwa, wanga wake ukageuzwa kuwa sukari, hamira ikaigeuza sukari hiyo kuwa pombe, kisha pombe ikapitishwa katika minara ya kukeneka, ya aina iliyoenezwa na Aeneas Coffey wa Ireland tangu miaka ya 1830, hadi ifikie takriban asilimia 96 ya pombe. Hapo harufu ya punje imeshaachwa nyuma. Ndiyo maana sheria ya wiski ya Uskoti hudai pombe ikenekwe chini ya asilimia 94.8, ili ladha ya nafaka isipotee. Molasi ikisafishwa hadi kiwango hicho, wanywaji wengi hawataitofautisha na nafaka.

Mwonjaji: Naafikiana na Fundi, ila kazi ya jin huanzia pale spiriti inapowasili. Kwa jin ya mtindo wa London, matunda ya mreteni (juniper), mbegu za giligilani na maganda ya ndimu hukenekwa pamoja na spiriti, na baada ya hapo vionjo vingine haviruhusiwi. Watengenezaji wengi wa Uingereza hununua spiriti yao, wala si aibu. Anayetia kionjo cha chupa katika spiriti baridi, huyo kwangu ni mchanganyaji. Hata kuzimua kunahitaji umakini: lita 100 za asilimia 96 hutoa lita 240 za asilimia 40, lakini ukimimina lita 140 za maji hutazifikisha, kwa kuwa maji na pombe vikichanganyika hupungua ujazo.

Muuguzi wa Kayole: Nawasihi, msinunue spiriti ya madumu isiyojulikana itokako. Mwezi Mei 2014 watu wengi walifariki Embu, Kiambu na kwingineko kwa pombe iliyotiwa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na baadhi ya walionusurika walipofuka. Ulimi hauwezi kuibaini methanoli, hubainishwa maabarani.