Bosnia: kwa nini sharti la kabila kwenye urais halijafutwa tangu 2009?

Mdadisi
Wakuu, naomba kueleweshwa. Desemba 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kesi ya Sejdić na Finci, kwamba katiba ya Bosnia na Herzegovina inabagua. Walalamikaji ni wawili: mmoja Mroma (jamii ya Wajipsi), mwingine Myahudi, na wote hawaruhusiwi kugombea urais kwa kuwa viti ni vya Wabosniaki, Wakroati na Waserbi tu. Si wafute tu hilo sharti?

Ibara_ya_10
Kufuta si kazi, mkuu. Kazi ni utaweka nini. Nchi ina sehemu kuu mbili, Shirikisho na Republika Srpska, na urais una watu watatu: Mbosniaki (wengi wao ni Waislamu) na Mkroati huchaguliwa Shirikisho, Mserbi huchaguliwa Republika Srpska. Mpiga kura wa Shirikisho huchagua mgombea mmoja, wa kiti cha Mbosniaki au cha Mkroati, na hakuna anayemuuliza kabila lake. Wabosniaki ndio wengi humo. Ukiondoa kabila ukaacha viti vilevile, wanaweza kubeba vyote viwili, na hapo ndipo vyama vya Wakroati hugoma.

Halafu kuna hesabu za bunge. Baraza la Wawakilishi lina viti 42, na marekebisho yanataka theluthi mbili ya kura zinazopigwa. Aprili 2006 zilipatikana 26, zikihitajika 28. Ukivuka hapo unakutana na Baraza la Jamii, chumba cha pili cha bunge: wajumbe 15, watano kwa kila jamii, na akidi ni 9 wakiwemo angalau watatu wa kila upande. Watatu wa jamii moja wakisusa, kikao hakuna.

Mchambuzi wa pwani
Naongezea: msidhani wanaofungiwa ni Waroma na Wayahudi tu. Mbosniaki anayeishi Srebrenica hagombei, kwa kuwa mji uko Republika Srpska (kesi ya Pilav, 2016). Mserbi wa Shirikisho naye vivyo hivyo. Mlalamikaji mwingine, Zornić (kesi ya 2014), alijitambulisha kuwa raia wa Bosnia, basi, akakosa pa kuingia. Kwa hiyo pendekezo la kuongeza kiti cha "wengineo" ni kiraka.

Mdadisi
Na Burundi? Nao si wana mgawo wa kabila?

Ibara_ya_10
Wanao, ila umefungwa kwenye Bunge na orodha za vyama, si kwa mahali mtu anapoishi. Katiba ya 2005 iliweka Bunge la 60% Wahutu, 40% Watutsi na Watwa watatu. Kwenye orodha ya chama, katika kila majina matatu yanayofuatana, mawili tu ndiyo yanaweza kuwa ya kabila moja. Uwiano usipotimia baada ya kura, viti huongezwa kwa uteuzi. Chama kinalazimika kuchanganya watu, na Mtwa ana mlango, mdogo lakini upo. Asiyetaka kutaja kabila, kama Zornić, hata Burundi angekwama.